Mgunga, Sisimizi na Tembo wa Laikipia

Jumuiya ya kiikolojia ni mkusanyiko wa mimea, wanyama, kuvu na vijidudu vinavyoishi mahali pamoja, ambapo maisha ya kila kimoja huathiriwa, kwa kiasi kikubwa au kidogo, na mwenendo wa vingine. Vitabu vingi vya shule hueleza uhusiano huo kwa kuwapanga viumbe wawili wawili, nyuki na ua, kupe na ng'ombe, chui na swala, kisha huonyesha nani anafaidika na nani anaumia. Mpangilio huo unafaa kwa kuanzia, lakini hauelezi vya kutosha yanayotokea porini, kwa kuwa mapatano ya viumbe wawili mara nyingi husimama au kuvunjika kwa sababu ya kiumbe wa tatu ambaye hakutajwa kabisa. Mahali pamoja ambapo ukweli huu umechunguzwa kwa subira ya miaka mingi ni uwanda wa Laikipia nchini Kenya, kaskazini-magharibi ya Mlima Kenya, ambako Kituo cha Utafiti cha Mpala na hifadhi za jirani zimewapa wanaikolojia nafasi ya kufuatilia mti mmoja, sisimizi wanaoishi juu yake na wanyama wakubwa wanaoutamani.

Mti huo ni mgunga mfupi wenye miiba, ambao wataalamu huuita Acacia drepanolobium au, kwa jina jipya la kitaalamu, Vachellia drepanolobium. Huota kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, udongo ule unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na kugeuka tope zito linalonasa magurudumu wakati wa mvua, na katika maeneo ya Laikipia yenye udongo huo karibu kila mti unaoonekana ni wa spishi hii moja. Wapitao katika nyanda za Athi, Hifadhi ya Taifa ya Nairobi au sehemu za Serengeti huutambua kwa vinundu vyake: baadhi ya jozi za miiba huvimba sehemu ya chini na kufanya mpira mtupu ndani, ambao mwanzoni huwa laini na wenye rangi ya kijani au zambarau, kisha hukauka na kuwa mweusi na mgumu. Sisimizi hutoboa kinundu kingali laini, husafisha ndani na kukigeuza kuwa chumba cha kulelea mayai na wana wao; na kinundu kikishakauka, upepo unaopita kwenye matundu hayo hutoa mluzi mwembamba unaosikika uwandani.

Kinundu hakitokani na jeraha la mdudu, kama ilivyo kwa uvimbe mwingi unaoonekana kwenye majani na matawi ya miti mingine. Mgunga hukiotesha wenyewe, hata pasipokuwa na sisimizi. Mti huo pia hutoa chakula, kwa kuwa kwenye vikonyo vya majani yake mna tezi ndogo zinazotoa nekta, yaani maji ya sukari kama yale yanayopatikana ndani ya maua, isipokuwa hapa hayahusiani na uchavushaji. Makao na sukari hiyo humgharimu mgunga nguvu ambayo ungeweza kuitumia kukua au kuzaa mbegu. Malipo yake ni ulinzi: tawi likitikiswa, sisimizi humiminika kutoka kwenye vinundu, humwingia mnyama puani, mdomoni na machoni, na kumuuma huku wakitoa harufu kali inayowaita wenzao. Uhusiano wa namna hii, ambamo kila upande hupata faida na kila upande hugharimika, huitwa uhusiano wa kunufaishana, na umejulikana kwa muda mrefu kutoka Amerika ya Kati na Mexico, ambako Thomas Belt aliueleza kwa migunga ya Nicaragua mwaka 1874 na Daniel Janzen akauthibitisha kwa majaribio huko Mexico katika miaka ya 1960.

Laikipia, hata hivyo, haina sisimizi wa aina moja bali spishi nne zinazogombea mti uleule, na kwa kawaida kila mti hukaliwa na koloni la spishi moja tu kwa wakati mmoja. Matawi ya miti miwili yanapogusana, koloni hupigana hadi moja liangamie au lifukuzwe, na baada ya pambano ardhi iliyo chini ya mti hubaki imetapakaa mizoga ya sisimizi. Mwenye nguvu kuliko wote katika vita hivyo ni Crematogaster sjostedti, akifuatwa na Crematogaster mimosae, kisha Crematogaster nigriceps, na wa mwisho ni Tetraponera penzigi, mdogo wa umbo na mnyonge wa mapambano. Mlinzi wa kutegemewa ni mimosae, ambaye hukalia karibu nusu ya miti na ambaye, kwa kuwa hutegemea sana vinundu na nekta, huitetea kwa ukali.

Wengine watatu wana desturi ambazo, zikitazamwa moja moja, zingemfanya mtu aseme kwamba mgunga unadhulumiwa. Nigriceps huuma wanyama kwa ukali wa kutosha, lakini hupogoa machipukizi ya pembeni na kula matumba, hata mti ukakosa maua na mbegu kwa muda wote anaoukalia. Sababu ni kwamba mti uliopogolewa hautandazi matawi yake hadi kugusa ya jirani, hivyo adui hapati daraja la kuvukia. Penzigi huharibu tezi za nekta, na inaaminika kuwa kwa kufanya hivyo huufanya mti usiwavutie wenye nguvu kuliko yeye. Tena hutoboa vinundu kwa tundu dogo mno, ambalo sisimizi wakubwa zaidi hawawezi kupita. Sjostedti havijali vinundu hata kidogo, bali huishi ndani ya mashimo yaliyochimbwa kwenye shina na lava wa mbawakawa wenye vipapasio virefu, na kwa kuwa huwaacha mbawakawa hao waendelee kutaga na kuchimba, mti wake hudhoofika kutoka ndani huku ulinzi dhidi ya wanyama ukiwa hafifu.

Swali la ni nani humsaidia mgunga na nani humnyonya halikujibika mpaka watafiti walipoacha kupima mwaka mmoja mmoja na kuanza kuhesabu maisha yote ya mti. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, Todd Palmer na wenzake walionyesha kwamba mgunga hubadilishiwa wapangaji mara kadhaa maishani mwake, na kwamba miti inayopitia mikononi mwa spishi mbalimbali, pamoja na zile zinazoonekana kuwa za hasara, huacha uzao mwingi kuliko ambayo ingekaliwa maisha yote na mlinzi bora peke yake. Kumpata nigriceps wakati mti ni mchanga si hasara kubwa, kwa kuwa mti mchanga huzaa mbegu chache hata ukiachwa, ilhali kunusurika na meno ya wanyama ndilo jambo linaloamua kama utafika ukubwani. Na sjostedti akija mti ukiwa mkubwa, hauhitaji tena kutumia nguvu nyingi kuwalisha walinzi na huweza kuielekeza kwenye maua. Haya ni matokeo yenye uzito, kwa sababu yanaonyesha kwamba mwenye kumwita kiumbe fulani kimelea baada ya kumchunguza kwa msimu mmoja anaweza kuwa amepima vizuri na bado akawa amehukumu vibaya.

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa muda zaidi ni ile inayomhusu mnyama mkubwa. Mwaka 1995 watafiti wakiongozwa na Truman Young walianzisha Mpala jaribio la muda mrefu la nyua, ambamo vipande 18 vya ardhi, kila kimoja cha hekta 4, viligawanywa kwa namna ambayo vingine huingiwa na wanyama wote, vingine huzuia tembo na twiga peke yao, vingine huzuia wanyamapori wote wakubwa, na vingine huzuia au kuruhusu ng'ombe. Matarajio ya kawaida yangekuwa kwamba mgunga uliokingwa na uzio, usioliwa na twiga wala kuvunjwa na tembo, ungestawi. Baada ya miaka 10 hali ilikuwa kinyume chake. Miti isiyoliwa ilipunguza vinundu na tezi za nekta, kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kuendelea kugharimia walinzi. Mimosae, walipopungukiwa na makao na chakula, walidhoofika, wakaanza kufuga kwa wingi wadudu gamba wanaofyonza utomvu wa mti, na idadi ya miti waliyoikalia ikashuka kwa karibu asilimia 30. Nafasi yao ilichukuliwa na sjostedti, ambaye eneo lake liliongezeka takriban maradufu, na pamoja naye wakaja mbawakawa watoboaji. Miti iliyokingwa ikawa inakua polepole na kufa kwa kasi kubwa kuliko ile iliyoachwa wazi kwa tembo na twiga.

Maana yake ni kwamba mapatano kati ya mgunga na sisimizi yanadumishwa na adui wao wa pamoja, na kwamba tembo anayevunja tawi leo ni sababu mojawapo ya mti kuendelea kulipa ujira wa walinzi wake. Hoja hii inapaswa kupewa nafasi kubwa zaidi kuliko inayopata katika mijadala ya uhifadhi, kwa kuwa mara nyingi kupotea kwa wanyama wakubwa huzungumzwa kama hasara ya utalii au ya spishi zenyewe, huku mabadiliko yanayoanzia kwenye tezi ya jani yakiwa yamekwisha kuanza kimya kimya bila mtu kuyahesabu.

Upande wa pili wa uhusiano huo ulipimwa na Jacob Goheen akishirikiana na Palmer. Tembo wachanga waliokuwa wakilelewa Tsavo walipewa matawi ya mgunga wa vinundu na matawi ya mti mwingine wanaoupenda sana, Acacia mellifera, mengine yakiwa na sisimizi na mengine bila. Pasipo sisimizi, tembo walikula miti yote miwili kwa hamu ileile. Penye sisimizi, waliikwepa yote miwili, hata ule wanaoupenda, jambo linaloonyesha kwamba kinachomfukuza tembo ni sisimizi, wala si mwiba au ladha ya jani. Ngozi ya ndani ya mkonga ni laini na ina hisia kali, na mkonga wenyewe hauwezi kuepukwa wakati wa kula; twiga, kwa upande wake, huweza kuwapangusa sisimizi kwa ulimi na kuendelea. Kwa hiyo mdudu mwenye uzito wa miligramu chache humzuia mnyama wa tani kadhaa, na ndiyo sababu mojawapo ya uwanda wa udongo mweusi kubaki na miti yake huku miti ya udongo wa kichanga uliopakana nao ikipungua kadiri tembo walivyoongezeka.

Jengo hili lote sasa limepata mgeni. Sisimizi mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, ambaye inadhaniwa asili yake ni kisiwa cha Bahari ya Hindi na ambaye amesambazwa na biashara karibu kote katika nchi za joto, aliingia Laikipia na kuanza kuenea kutoka kwenye makazi ya watu. Huwashambulia sisimizi wa mgunga, huwaua wakubwa na kula mayai na lava wao, lakini yeye mwenyewe haishi kwenye mti huo wala hautetei. Katika maeneo aliyoyavamia, tembo wamevunja na kuangusha migunga kwa kiwango cha mara tano hadi saba zaidi ya maeneo ambayo bado hajafika.

Mwaka 2024 Douglas Kamaru, mwanaikolojia Mkenya, na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa hifadhi ya Ol Pejeta, huko huko Laikipia, yaliyofuata mnyororo huo hadi mwisho wake. Simba huwinda kwa kunyemelea, na vichaka vya mgunga ndivyo vinavyomficha hadi afike karibu na pundamilia. Miti inapoondoka, pundamilia humwona mapema na kukimbia. Uwezekano wa pundamilia kuuawa na simba ulikuwa karibu mara tatu zaidi katika maeneo ambayo sisimizi mgeni hajafika kuliko katika yale aliyovamia. Kati ya mwaka 2003 na 2020 sehemu ya pundamilia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka asilimia 67 hadi 42, ilhali nyati, ambao mwanzoni hawakuwemo katika hesabu hiyo, walifikia asilimia 42. Idadi ya simba haikushuka, kwa kuwa waligeukia windo lingine. Lakini nyati ni mkubwa, hupigana, na huweza kumjeruhi au kumuua simba, kwa hiyo badiliko hilo si la bure.

Wanaoweza kuguswa baadaye ni wengi. Faru weusi wa Ol Pejeta hula sana majani na matawi ya mgunga huu, na tumbili wekundu wa spishi Erythrocebus patas, ambao ni wachache na waliotawanyika nchini Kenya, hupata sehemu kubwa ya chakula chao kwenye gundi yake na kwa sisimizi walio ndani ya vinundu. Wafugaji wa Laikipia nao hukata mti huo kwa ajili ya nguzo za ua na mkaa, na mti uliovunjwa na tembo haukui kwa kasi ya kuziba pengo hilo. Mgeni husonga mbele polepole, takriban mita 50 kwa mwaka kwa miguu yake mwenyewe, lakini huruka kilomita nyingi kwa mara moja anapobebwa pamoja na udongo wa miche, mizigo ya mboga na vifaa vya ujenzi vinavyopelekwa kambini na kwenye mashamba. Hapo ndipo ukaguzi unaweza kufanyika, kabla koloni halijazama ardhini.