Mgonjwa wa Kiharusi si Mvivu

Pindi mgonjwa wa kiharusi akataapo kuunyosha mkono wake katika chumba cha mazoezi, neno la kwanza litokalo vinywani mwa jamaa zake ni kwamba amekuwa mvivu. Pengine hata mhudumu aliyechoka husema hivyo hivyo. Sisi twaliona neno hilo kuwa si la haki, na zaidi ya hayo lina madhara, kwa kuwa likishasemwa hakuna tena anayeuliza sababu.

Tulikaa asubuhi moja katika hospitali moja ya Dodoma tukitazama. Mzee mmoja wa upande wa Mvumi, aliyepooza mkono na mguu wa kuume, aliketishwa mbele ya ubao wenye matundu na vijiti vya rangi. Akaambiwa avichomoe vijiti na kuvirudisha, mara ishirini. Alivitazama, kisha akageuza uso dirishani. Mwanawe akaona haya, akamwambia, "Baba, fanya basi, tumetoka mbali." Mzee akajibu kwa taabu, maana hata ulimi ulikuwa mzito: "Mchezo wa watoto."

Je, alikosea? Mtu aliyelima uwele na mtama miaka hamsini katika nchi ambayo mvua yake haina ahadi, akaozesha mabinti, akasuluhisha magomvi ya majirani, leo aambiwa ahamishe vijiti mbele ya mwanawe. Tungelistaajabu kama angelifurahi.

Yafaa ieleweke kwanza kiharusi hufanya nini. Damu huzuiwa isifike sehemu fulani ya ubongo, au mshipa hupasuka ndani yake, na aghalabu chanzo ni shinikizo la damu lililoachwa bila dawa kwa miaka. Upande wa kushoto wa ubongo ndio uuamrishao upande wa kuume wa mwili, na kwa watu wengi ndio pia wenye kutunza maneno. Mkono wenyewe haukuugua. Aliyepotea njiani ni mjumbe apelekaye amri. Sehemu za ubongo zilizosalimika zaweza kujifunza kazi ya zile zilizokufa, lakini hujifunza kwa kurudia tu, mara mia na mara elfu. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote, ingawa hata baada yake mtu aweza kuendelea kupata nafuu. Kidonge mtu aweza kunyweshwa. Kurudia hakuna awezaye kumfanyia mwenziwe. Ndiyo maana moyo wa mgonjwa ni nusu ya tiba.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la watu wachache. Wataalamu waliohesabu wagonjwa wapya katika wilaya ya Hai na katika mitaa ya Dar es Salaam, kati ya mwaka 2003 na 2006, walipata kwa kila watu 100,000 wagonjwa wapatao 109 kwa mwaka huko Hai, na 316 mjini, baada ya kusawazisha tofauti za umri.

Sasa, ni nini kiuvunjacho moyo huo? Kwanza ni huzuni, ambayo ni ugonjwa wenyewe wala si tabia mbaya. Hupata kiasi cha mmoja kati ya kila wagonjwa watatu, na ina tiba yake. Pili ni uchovu usiofanana na uchovu wa jembe, umpatao mtu hata akiwa amelala usiku kucha. Wako pia waliopotewa na maneno: waelewa yote, hawawezi kujibu, na watu huwapigia kelele kana kwamba ni viziwi, au hunong'ona mbele yao kwamba akili zimekwenda.

Lakini liko jingine ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji sana, nalo ni aibu ya mkono. Kwetu mkono wa kuume ndio wa kusalimia, wa kupokea na wa kumega ugali. Aliyepooza upande huo hubakiwa na ule wa kushoto, ambao tangu utoto alifunzwa kwamba ni wa kujisafishia chooni. Amwonapo mgeni akimnyoshea mkono, afanyeje? Na mlenda utelezao, auchukue kwa mkono gani mbele ya wakwe? Wako wazee waliochagua kula peke yao nyuma ya nyumba, wakaja wakasemwa kuwa wana kiburi.

Na upendo wa nyumbani, nao tuuseme, huweza kudhuru. Mke humlisha, binti humvika shati, mjukuu humwosha. Kila mtu atenda wema. Na kila wema huo huunyima mkono nafasi moja ya kujaribu, hata mkono ukasahau kabisa kwamba uliwahi kuwa na kazi. Kumngoja mzee afunge kifungo kimoja kwa dakika tano, huku umekunja mikono yako, ni jambo gumu kuliko kumfungia. (Na wamwinuapo wasimvute kwa mkono uliolegea, bega huteguka, na maumivu yake humfukuza mgonjwa mazoezini kuliko uvivu wowote.)

Wengine hupoteza ile miezi mitatu kwa kutafuta aliyetuma ugonjwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba katika Dar es Salaam wengi walikitaja kiharusi kuwa ni kazi ya majini au uchawi, ilhali wenyeji wa Hai walitaja sababu za kimaumbile. Watu wa mjini wapendao kuwacheka wa shamba watatusamehe kwa kuwakumbusha.

Elimu ihusikayo hapa huitwa tiba kwa vitendo. Chama chake cha kwanza kiliundwa Marekani, katika mji wa Clifton Springs, mwaka 1917, nyumbani kwa msanifu majengo George Edward Barton. Huyu alikuwa amepooza upande wa kushoto baada ya upasuaji wa mguu. Kupooza kwake hakukuwa kwa kiharusi, lakini alijirudishia nguvu kwa bustani na useremala. Kwa hiyo tangu mwanzo shauri lilikuwa ni kazi yenye maana kwa yule aifanyaye, wala si vijiti. Hapa nchini wengi wa watabibu wake wamepitia chuo kilichoko KCMC, Moshi. Nao hawatoshi, hasa kwa mtu atokaye Bahi au Kongwa, ambaye nauli ya kuja mjini kila wiki ni debe zima la nafaka, na ambaye msimu wa kupalilia ukifika hana wa kumsindikiza.

Turudi kwa mzee wetu. Mtabibu, binti wa miaka kama ishirini na mitano, aliuondoa ule ubao bila ya kumkemea mtu. Hakumsifu kwa uongo kama asifiwavyo mtoto. Akavuta kigoda, akaketi chini yake.

"Shikamoo babu. Kabla ya kuugua, mikono hii ilipenda kazi gani?"

Mzee alikaa kimya muda mrefu, na mwanawe alipotaka kumjibia, binti akamzuia kwa jicho. Hatimaye likatoka neno moja: "Kamba."

Alikuwa msokotaji wa kamba za ndama, kwa nyuzi za gome la mbuyu. Juma lililofuata nyuzi zikaletwa hospitalini katika kiroba. Kamba husokotwa juu ya paja, mkono mmoja ukishika ncha na mwingine ukiviringisha. Kwanza mkono mgonjwa ulifanywa kuwa mzigo tu wa kuzibana nyuzi zisikimbie. Baadaye binti akaweka kiganja chake juu ya kile cha mzee, wakaviringisha pamoja. Hakuna aliyehesabu mara ishirini. Mwanawe anasema nyumbani mzee huendelea hadi aitwe kula, naye hula pamoja na wengine sasa, kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na aliyeshangaa ameambiwa sababu.

Tulipomwona mara ya mwisho alikuwa na kamba ya urefu wa pima moja, nene huku na nyembamba kule. Ndama aliikata siku ya tatu. Mzee alituonyesha mahali ilipokatikia, akasema hapo ndipo mkono wa kuume ulipolegea, na kwamba ya pili ameshaianza.