Ngitili: Elimu ya Wazee Isipotee

Mgeni akisikia Mwadui hufikiria almasi. Lakini Shinyanga ina hazina nyingine: ngitili. Haya ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza na kuyafungua kiangazi kinapokaza, ili ng'ombe wapate majani.

Kwa nini yalikaribia kutoweka? Misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Kisha operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu, wakayaacha malisho waliyoyatunza.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Wataalamu waliwasikiliza wazee, na sheria za ngitili zikasimamiwa kupitia dagashida, mkutano wa jadi. Inakadiriwa hekta zaidi ya 300,000 zilirudishiwa uoto. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, waliandika faida zake: kuni, dawa, asali na malisho. Hivyo elimu ya mfugaji ikawafikia wapanga sera.

Mradi ulikwisha mwaka 2004. Taarifa nyingi za utafiti ziko kwa Kiingereza, mbali na kijiji. Mzee akifariki, anaondoka na yake.

Tunaziomba kamati za parokia ziketi na wazee, ziandike kwa Kisukuma na Kiswahili majina ya miti, mipaka na sheria za ngitili. Nakala moja ibaki kijijini. Nanyi wafadhili, mnapogharamia utafiti, tunaomba muulize: matokeo yatarudi kwa nani?