Utangulizi: Marekani Baada ya Utumwa

Wengi huingia katika historia hii kwa mlango wa vita, na si ajabu: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliua zaidi ya watu 600,000. Mimi ningependa uanzie kisiwa cha Edisto, South Carolina, Oktoba 1865.

Januari mwaka huo Jenerali Sherman wa jeshi la serikali kuu aliwatengea watumwa walioachwa huru ukanda wa pwani, kila familia isizidi ekari 40. Wakalima. Kisha Rais Andrew Johnson akawasamehe mabwana wa zamani na kutaka warudishiwe mashamba. Jenerali Howard, mkuu wa idara iliyowahudumia walioachwa huru, akatumwa Edisto kuwaambia. Walimsikiliza kanisani. Baadaye kamati ya watu watatu, Henry Bram, Ishmael Moultrie na Yates Sampson, ikamwandikia yeye na rais kwamba bila ardhi wangebaki chini ya matakwa ya waliowamiliki. Barua hizo zimehifadhiwa. Zisome kabla ya sura zangu.

Nalisisitiza hili kwa sababu wasomi wenyewe waliwahi kuipotosha taaluma yetu. William Dunning wa Chuo Kikuu cha Columbia na wanafunzi wake waliusawiri Ujenzi Mpya, kama kipindi hicho kinavyoitwa, kuwa balaa lililoletwa na kuwapa Weusi kura. Mwaka 1935 W. E. B. Du Bois aliwajibu kwa kitabu kizima, akiwaonyesha Weusi kama wajenzi wa demokrasia: wapiga kura, wabunge, waanzilishi wa shule za umma Kusini. Wanahistoria wengi walikawia mno kumsikiliza, na kukawia huko ni aibu ya taaluma.

Katiba ilirekebishwa: uraia mwaka 1868, haki ya kura mwaka 1870. Mwaka huohuo wa 1870 Hiram Revels wa Mississippi akawa Mweusi wa kwanza katika Seneti. Majibu ya Wazungu waliopinga yakawa bunduki. Colfax, Louisiana, Aprili 1873, Weusi wengi waliuawa, baadhi yao wakiwa wamekwisha kujisalimisha.

Vitabu vingi hufunga kipindi hiki mwaka 1877, serikali kuu ilipoacha kuwatumia askari wake kulinda serikali za Kusini. Sikubaliani navyo. Katika sehemu nyingi Weusi waliendelea kupiga kura na kuchaguliwa, hadi majimbo, Mississippi ikitangulia kwa katiba ya 1890, yalipowazuia kwa kodi ya kura na mitihani ya kusoma. George Henry White wa North Carolina alikuwa bado mbunge mjini Washington mwanzoni mwa 1901.