Makato na Siri ya Muamala

Fedha inapotumwa kwa simu, mtumaji hulipa mara mbili: kwa shilingi na kwa taarifa zake. Katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, Tanzania, ambako vijiji vingi vya wakulima wa mahindi na maharage viko mbali na benki za Sumbawanga mjini, malipo yote mawili yana uzito.

Makato hupangwa kwa ngazi, na ngazi humbana mwenye kidogo. Tuseme ngazi moja inatoza shilingi 500: anayetuma 10,000 amekatwa asilimia 5, anayetuma 19,000 hajafikia hata asilimia 3. Mpokeaji naye hukatwa akitoa kwa wakala, ndiyo maana watu huombana, “weka na ya kutolea.” Julai 2021 Serikali iliongeza juu ya makato hayo tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Malalamiko yalikuwa makubwa, na ya haki. Septemba mwaka huo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000.

Kwa upande wa taarifa, noti haina jina la aliyeishika. Muamala una majina, namba, kiasi, saa na wakala, na laini yenyewe imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Katika huduma ya menyu ya nyota na reli, namba ya siri hufichwa kwa usimbaji kati ya simu na mnara tu. Kuanzia hapo usiri uko mikononi mwa kampuni. Kisha kuna daftari la wakala: jina, simu, kiasi, sahihi, wazi mbele ya anayefuata kwenye foleni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Taarifa hizo zikivuja, hasara hurudi kuwa ya shilingi. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) zimeutaja Rukwa mara kadhaa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu, ule wa “ile hela itume kwenye namba hii.” Matapeli hupendelea laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Msajili asiye mwaminifu humwambia mteja kidole hakijasoma, arudie, na mguso wa pili huzaa laini ya pili.

Kila mwenye namba ya NIDA apige *106# aone laini zilizo kwa jina lake, na ujumbe wa kitapeli autume kwenda namba 15040.