Si Kila Jipu Linataka Rangi Mbili

Ngozi ni ukuta wa mwili. Ukuta ukiwa mzima, mwizi haingii. Ukuta ukipata ufa, mwizi hupenya. Mwizi huyo ni vijidudu. Ni vidogo mno, macho hayavioni. Vingi huishi juu ya ngozi na ndani ya pua bila kutudhuru. Lakini tukijikuna au tukinyoa kwa wembe mchafu, huingia ndani. Hapo tunapata jipu au kidonda chenye usaha.

Watu wengi wakiota jipu hukimbilia dukani kununua vidonge vya rangi mbili. Humeza viwili, kisha huacha. Wengine hufungua kidonge na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Kufanya hivyo ni hatari.

Hatari yake ni nini?

Rangi mbili ni dawa ya antibiotiki. Kazi yake ni kuua vijidudu. Ikitumiwa ovyo, vijidudu dhaifu hufa. Vilivyo sugu hubaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo hili mwaka 1945. Onyo lake limetimia. Inakadiriwa kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 1 duniani walikufa kwa sababu vijidudu vilikuwa sugu kwa dawa.

Kwa hiyo tuzitunze dawa hizi. Siku mtoto atakapougua sana, zimfae.

Jipu dogo

Jipu dogo mara nyingi hupona kwa maji ya moto na usafi. Fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chemsha maji. Yaache yapoe mpaka mkono uweze kuyavumilia.
3. Chovya kitambaa safi, kikamue, kiweke juu ya jipu kwa dakika 10 hadi 15. Fanya hivyo mara 3 au 4 kwa siku.
4. Usilikamue jipu, wala usilitumbue kwa sindano au mwiba. Ukilikamua, vijidudu vinaweza kuingia ndani zaidi.
5. Likipasuka lenyewe, lioshe kwa maji na sabuni. Lifunike kwa kitambaa safi. Usichangie taulo na mtu mwingine.

Joto huleta damu nyingi mahali penye jipu. Ndani ya damu mna askari wa mwili wanaopigana na vijidudu.

Kidonda kidogo

Osha kwa maji safi na sabuni. Unaweza pia kutumia maji ya chumvi. Tia kijiko 1 cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa.

Asali safi nayo husaidia. Ina sukari nyingi, hivyo hunyonya maji yaliyomo ndani ya vijidudu. Pia ina uchachu ambao vijidudu havipendi. Paka kidogo, funika, badilisha kila siku. Asali iwe haikuchanganywa na kitu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipakwe wala asilambishwe asali.

Usipake kinyesi cha ng'ombe wala udongo. Vinaweza kuleta pepopunda, na pepopunda huua. Usipake maji ya betri. Huunguza ngozi.

Chunusi

Vijana, chunusi si aibu. Si uchafu, wala si dalili ya tamaa. Mtu akibalehe, ngozi hutoa mafuta mengi. Mafuta hayo huziba vitundu vya ngozi. Osha uso mara 2 kwa siku kwa sabuni isiyo kali. Usisugue kwa nguvu. Usizitumbue, maana zitaacha makovu. Usipake mafuta mazito usoni, wala krimu za kujichubua.

Nenda zahanati upesi

Usingoje nyumbani ukiona mambo haya:

- Una homa au unatetemeka kwa baridi.
- Uvimbe unaongezeka, una joto na maumivu makali.
- Jipu liko usoni, hasa karibu na pua au jicho.
- Majipu au vidonda ni vingi, au vinarudi mara kwa mara.
- Mgonjwa ni mtoto mchanga, au ana kisukari au virusi vya UKIMWI.
- Siku 3 zimepita na hakuna nafuu.
- Mtoto mwenye vidonda amevimba uso, au anakojoa mkojo wa rangi ya chai.

Hapo maji ya moto na asali havitoshi. Huenda mganga akalipasua jipu kwa kisu safi. Huenda akakupa antibiotiki. Akikupa, tumia kama alivyokuagiza mpaka mwisho. Usimgawie jirani, wala usiweke akiba.

Ndugu msomaji, sabuni na maji ya moto vimo nyumbani mwako. Anza navyo. Lakini ukiona dalili za hatari, usipoteze siku.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini si vizuri kukamua jipu?
2. Kwa nini tusitumie rangi mbili ovyo?
3. Taja dalili 3 za kumpeleka mgonjwa zahanati.