Hesabu ya Dawa kwa Kompyuta

Chama kinachouza mbolea kikikosea hesabu, hupata hasara ya fedha. Chama kinachouza dawa kikikosea, mgonjwa aweza kurudi nyumbani na vidonge vilivyokwisha muda wake, au mikono mitupu. Kwa hiyo katibu wa chama chenye duka la dawa hana budi kuelewa namna kompyuta inavyotunza hesabu hizo, hata kama anayeiendesha ni mtoa dawa.

Daftari la kawaida huonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Dawa huhitaji zaidi ya hayo. ALu, yaani dawa mseto ya malaria, hufungwa katika pakiti za vidonge 6, 12, 18 na 24 kufuatana na uzito wa mgonjwa. Anayeandika "ALu, pakiti 40" ameandika nusu ya habari, kwani zote zaweza kuwa za watoto wadogo. Katika kompyuta kila aina ya pakiti hupewa mstari wake, pamoja na namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Tarehe hiyo ndiyo inayoamua utaratibu wa kutoa. Katika duka la bidhaa nyingine, kilichotangulia kuingia hutangulia kutoka. Dawa sivyo. Pakiti zilizopokewa Januari zaweza kuisha muda Desemba, na zilizopokewa Machi zikaisha Agosti. Basi za Machi ndizo zitangulie. Kompyuta hukumbusha jambo hili mapema, mradi tarehe iliandikwa sawasawa siku ya kupokea mzigo.

Katika kuagiza, mashine hukokotoa wastani wa matumizi, na hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme duka hutoa pakiti 60 kwa mwezi. Mwezi wa pili dawa ikakosekana, mauzo yakawa sifuri. Wa tatu zikatoka 60 tena. Kompyuta isiyoelezwa kisa hicho itagawa 120 kwa miezi 3 na kusema mahitaji ni 40. Agizo litapungua, na upungufu utazaa upungufu mwingine. Mwezi ambao dawa haikuwepo uondolewe katika wastani. Vilevile matumizi ya kiangazi yasitumiwe kupimia mahitaji ya masika, malaria inapozidi.

Mashine haioni rafu. Chupa iliyovunjika au pakiti iliyoibwa itaendelea kuhesabiwa kuwa ipo mpaka mtu ahesabu kwa mkono. Hesabu hiyo ifanywe kila mwezi, na tofauti yoyote iandikiwe maelezo mbele ya Kamati. Kila mtumishi awe na neno lake la siri. Umeme ukikatika, mauzo yaandikwe daftarini na kuingizwa siku ileile. Nakala ya kumbukumbu ihifadhiwe nje ya duka.

Taarifa ya Mkutano Mkuu ionyeshe dawa na fedha, si majina ya wagonjwa. Nchini Tanzania habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuwa mwanachama hakumpi mtu haki ya kujua jirani yake anameza nini.

Dawa zilizokwisha muda zitengwe, zifungiwe na kuwekewa alama. Zisifutwe katika kompyuta kwa sababu tu haziuzwi tena. Zibaki katika orodha yake ya peke yake mpaka ziteketezwe chini ya usimamizi wa mamlaka inayohusika na hati ya kuteketeza iwekwe jaladani.