Minneapolis: Kanisa la matofali lililokataa kuiga Zama za Kati

Walutheri waliohamia Minnesota walitoka katika nchi zenye makanisa ya vijijini ya kale. Usharika mmoja wa kusini mwa Minneapolis uliamua kwamba urithi huo hautunzwi kwa kuiga mawe yake.

Msafiri anayepita katika mtaa wa Longfellow, kusini mwa jiji la Minneapolis, huona nyumba ndogo za kawaida za familia, miti mirefu na barabara zilizonyooka. Katikati ya nyumba hizo limesimama jengo la matofali ya rangi hafifu, lenye umbo la sanduku, na pembeni yake mnara wa pembe nne unaofikia takriban mita 27. Halina matao yaliyochongoka wala vioo vya rangi nyingi. Hilo ndilo Christ Church Lutheran, lililozinduliwa mwaka 1949, na ambalo tangu mwaka 2009 serikali ya Marekani imelitambua kuwa alama ya kihistoria ya taifa zima.

Ili kuelewa kwa nini jengo lisilo na mapambo lilipewa heshima hiyo, hapana budi kuanzia mbali, katika vijiji vya Ulaya ya Kaskazini.

Makanisa ya mawe ya Finland, ambayo makumi kadhaa yangali yamesimama hadi leo, yalijengwa kabla Martin Luther hajaanza mahubiri yake. Ramani yake ni nyepesi mno: ukumbi mmoja wa mstatili, kuta nene za mawe ya matale, paa lenye mwinuko mkali ili theluji iporomoke, sakristia upande wa kaskazini na kibaraza upande wa kusini. Mara nyingi kengele hazikuwekwa juu ya kanisa bali katika mnara uliosimama peke yake uani.

Matengenezo ya Kanisa yalipoingia katika ufalme wa Sweden, ambao wakati huo uliitawala Finland, kuanzia mwaka 1527, wanakijiji hawakuyabomoa makanisa yao. Waliyabadili matumizi. Mahubiri katika lugha ya wenyeji yakawa kiini cha ibada, mimbari ikapewa nafasi ya mbele, na madawati yakaongezwa kwa kuwa sasa watu walipaswa kuketi na kusikiliza kwa muda mrefu. Katika makanisa mengi michoro ya watakatifu ukutani ilifunikwa kwa chokaa nyeupe. Hivyo likazaliwa kanisa la kijijini la Kiprotestanti kama linavyofahamika leo: mwili wa Zama za Kati, na ndani yake ukuta mweupe, mwanga na neno.

Wahamiaji kutoka Ujerumani na nchi za Skandinavia walipomiminika Minnesota katika karne ya 19, walitamani kuona tena kile walichokiacha. Wengi walijenga kwa mtindo wa Kigothi, na hata mjini mtindo huo ulidumu: Central Lutheran, kanisa kubwa lililokamilika mwaka 1928 katikati ya Minneapolis, lina sura ya kanisa kuu la Ulaya ingawa lilijengwa wakati magari yalikuwa yamekwisha kujaa barabarani. Jambo hilo si geni Afrika Mashariki. Kanisa la Azania Front jijini Dar es Salaam, pamoja na mnara wake na paa la vigae vyekundu, ni mfano wa Wajerumani waliojenga ufukweni mwa Bahari ya Hindi kana kwamba wangali kwao.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mchungaji wa usharika wa Christ Church, William Buege, aliamua kumwendea Eliel Saarinen. Ulikuwa uamuzi wa kushangaza, kwani usharika haukuwa wa matajiri, na Saarinen alikuwa miongoni mwa wasanifu majengo mashuhuri duniani. Alizaliwa Finland mwaka 1873, baba yake akiwa mchungaji wa Kilutheri. Ndiye aliyesanifu kituo cha reli cha Helsinki. Mwaka 1922 alishika nafasi ya pili katika shindano la kusanifu jengo la gazeti la Chicago Tribune, na mwaka uliofuata akahamia Marekani, ambako baadaye aliongoza chuo cha sanaa cha Cranbrook katika jimbo la Michigan.

Saarinen aliyajua makanisa ya kale ya nchi yake kwa undani, lakini hakuyanakili. Alichochukua ni mpangilio wake: ukumbi mmoja, mnara uliojitenga na paa la kanisa, na ukuta mweupe.

Ufundi mkubwa umefichwa ndani. Kuta za pande mbili hazikwenda sambamba kabisa, dari imeinamishwa kidogo, na ukuta ulio nyuma ya madhabahu umepinda. Kwa mtazamaji mambo hayo hayaonekani kwa urahisi, na huenda wengine wakayadhani kuwa ni kasoro ya mafundi. La hasha. Kuta mbili zilizo sambamba hurudishiana sauti na kuzaa mwangwi unaoyavuruga maneno. Zikipishwa kidogo, sauti hutawanyika, na mahubiri humfikia hata aliyeketi nyuma.

Mwanga nao umepangwa kwa hila hiyo hiyo. Dirisha refu lililofichwa pembeni ya madhabahu huumwagia mwanga ukuta mweupe uliopinda, na msalaba mwembamba wa alumini ulio mbele yake huutupia ukuta huo kivuli. Pambo hili linaletwa na jua lenyewe.

Saarinen alifariki dunia Julai 1950, na kanisa hilo likawa kazi yake ya mwisho kukamilika. Usharika ulipohitaji madarasa na ukumbi, ulimwita mwanawe, Eero, ambaye dunia inamkumbuka zaidi kwa tao kubwa la St. Louis. Alibuni jengo la chini, la utulivu, lisiloshindana na la baba yake. Naye hakuliona likikamilika: alifariki Septemba 1961, na jengo likafunguliwa mwaka 1962.

Upande wa pili wa mto Mississippi, Sinodi ya Saint Paul ina ushirika wa miaka mingi na Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, unaojulikana hata Minnesota kwa jina la Kiswahili, Bega kwa Bega. Huko Iringa, vijiji vingi hujenga makanisa kwa matofali ambayo washarika wenyewe huyafyatua na kuyachoma.

Minneapolis, swali ni la kutunza. Hadhi ya alama ya kihistoria ni heshima. Haiji na fungu la serikali la kuziba paa linalovuja. Mzigo huo unabaki kwa washarika na marafiki wa jengo, katika nchi ambayo makanisa mengi ya Kiprotestanti yanapoteza waumini mwaka hadi mwaka. Ibada za Jumapili zinaendelea, na wanafunzi wa usanifu majengo bado hufika kutazama mwanga wa asubuhi ukipita juu ya ukuta mweupe.